Mfuko Umeota

Mwezi uliopita nilimkabidhi Neema jiko. Neema ndiye anayepika sasa kwenye kambi ya wachimbaji niliyomalizia kazi, upande wa Kharumwa. Nilimwachia mwiko wa mninga, nyungo mbili, kinu kilichopasuka mdomo lakini bado kinafanya kazi, na mfuko mmoja wa katani, mtupu, ulioshonwa mara nyingi kuliko suruali zangu zote. Aliushika, akaugeuzageuza, akaniuliza, "Babu, na huu wa nini? Siku hizi kimea tunanunua dukani." Nikamwambia nitamwandikia. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo auvumilie mwandiko. Maneno nitajitahidi kuyanyoosha.

Nilianzia Maganzo, kando ya barabara, kwenye kibanda cha uji cha Mama Nkwimba. Sikwenda kutafuta upishi. Nilikwenda kuona almasi inafananaje, maana kila mtu aliizungumzia na hakuna aliyenionyesha. Njaa ilinishika kabla ya almasi. Mama Nkwimba alinipa uji, nilipomaliza akanipa karai la ulezi akasema, "Osha." Nikaosha kama mtu anavyoosha mchele. Alipochota kijiko cha kwanza cha uji niliompikia, alikaa nacho mdomoni muda mrefu.

"Kijana, uji unanywewa au unatafunwa?"

"Unanywewa, Mama. Shikamoo."

"Usinipoze kwa shikamoo. Huu unatafunwa. Umenipikia barabara."

Nilidhani ananisifu. Wateja walicheka mpaka mmoja akashika tumbo, ndipo nikaelewa kuwa alikuwa akiitaja ile barabara yenyewe, na vumbi lake.

Punje ya ulezi ina ukubwa wa chembe ya mchanga, kwa hiyo jicho halikusaidii. Unatia maji mengi kwenye karai, unazungusha mkono taratibu, ulezi unapanda, mchanga unabaki chini. Unamimina ule wa juu kwenye chombo kingine, unarudia, mara tano au sita, hadi chini kusibaki kitu kinachokwaruza. Baadaye niliwaona wachenjuaji wa dhahabu wakifanya hivyohivyo, mzunguko uleule wa mkono. Tofauti yetu ni kwamba wao wanatunza kinachobaki chini, sisi tunakitupa.

Mengine aliyonifundisha yanaingia katika mistari michache. Uwele utwange, upepete, usage wa leo na kesho tu, kwa sababu unga wake ukikaa wiki unakuwa mchungu na hakuna karanga za kuuficha. Ugali wa uwele una rangi ya kijivu, mgeni anauogopa, lakini ukiupakulia pamoja na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa yakapikwa na karanga, mtu anashinda shimoni hadi jioni bila kuota chakula. Na togwa: pika uji mzito, uache upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo utie unga wa kimea. Ule uji mzito utalegea wenyewe mbele ya macho yako na kuwa mtamu bila sukari. Nilipouona mara ya kwanza nilirudi nyuma hatua moja. Mpaka leo sijaona jambo jikoni linalofanana zaidi na uchawi, na nimepika kwenye kambi zenye waganga wawili wawili.

Siri yote iko kwenye kimea. Ulezi unalowekwa siku moja, unachujwa, unafungwa kwenye mfuko wa katani, unawekwa mahali penye ubaridi na unyevu. Siku ya tatu unaufungua. Ukikuta vijizizi vyeupe vimeshikana kama nywele, umeota; uanike, kisha usage. Usipoota, umeoza, na harufu itakuambia kabla hujafungua.

Sikukaa Maganzo. Kila nilipozoea mahali nilianza kusikia habari za mahali pengine. Nikapika Kahama, nikapika Geita, nikarudi, nikaondoka tena. Hatimaye nikafika kambi moja nyuma ya vilima, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kharumwa. Kazi nilipewa na mganga bila yeye kujua: alikuwa amempa mwenye duara mwiko kwamba mwanamke asipike karibu na duara, yaani shimo la kuchimbia. Kwa hiyo alitafutwa mwanamume anayeweza kupika, nao walikuwa wachache. Nimewahi kujiuliza kwa nini lugha yetu inaita kwa jina moja kile cha kukorogea na kile cha kukatazia. Mimi cha pili ndicho kilichonipa cha kwanza.

Kambi ile ilikuwa na joto ambalo halikufaa kimea. Nikazunguka kutafuta ubaridi, kama kawaida yangu ya kuchungulia kila tundu, nikalipata duara la zamani, lililoachwa kwa sababu ya hewa nzito. Lilikuwa mbali kidogo na mahema, ng'ambo ya kichaka, mdomo wake umezungushiwa matimba, yale magogo ya kuzuia udongo. Nilining'iniza mfuko kwa kamba hadi pima tatu chini, nikafunga kamba kwenye gogo moja. Siku ya tatu niliuvuta. Sijawahi kupata kimea kizuri kama kile.

Sitasema nililipenda shimo lile. Lilikuwa linapumua. Asubuhi ukisimama mdomoni hewa ya vuguvugu ilikupanda usoni, mchana ikageuka, ukasikia shati linavutwa kuelekea ndani. Wachimbaji waliniambia mashimo yote hufanya hivyo kwa sababu ya jua. Niliamini. Lakini nilijizoeza kusimama upande.

Aliyelizoea kuliko mimi ni Masanja. Alikuwa mchimbaji, mtu mrefu, mcheshi, mke wake na mtoto wao Kabula wakiishi Ngokolo, Shinyanga mjini. Njia yake ya kwenda kazini ilipita pale, na kila asubuhi ya siku ya tatu alichungulia mfuko wangu kabla yangu, kisha akapiga kelele kuelekea jikoni hadi kambi nzima isikie.

"Mpishi! Umeota!"

Nami nilijibu, "Nimeota nini?"

"Umeota ulezi!"

Utani huo tuliurudia miezi. Mtu aliyeamka na hasira alicheka. Na alikuwa na tabia nyingine: mimi nilifunga mdomo wa mfuko fundo moja, yeye aliongeza la pili. "Bhebhe, wewe Mpishi," aliniambia, "fundo moja ni la mtu anayetaka kuondoka kesho." Hakukosea sana.

Asubuhi moja kulikuwa na habari kwamba karasha jipya, mashine ya kusagia mawe, lingeshushwa kambi ya jirani. Sikuwa na kazi nalo. Nilitaka tu kuona linavyoshushwa. Jioni iliyotangulia nilimwambia Masanja, "Kesho nivutie ule mfuko wewe, mimi nitakuwa kwenye karasha." Akasema, "Nenda ukashangae, Mpishi. Mfuko uachie watu wazima."

Niliporudi, jua lilikuwa halijapanda sana. Jikoni hapakuwa na mfuko. Nikaenda shimoni. Hapakuwa na mfuko, hapakuwa na kamba, na gogo moja la matimba halikuwepo. Hilo la gogo nililiona, Neema, sitadanganya. Lakini watu waliiba matimba kwa ajili ya kuni, mimi mwenyewe nikiwemo. Nilichungulia, kukawa kiza. Nikaita, "Masanja!" Sauti ilishuka, ikarudi nusu yake. Niliita mara moja tu.

Masanja alikuwa ameshawaambia watu kwamba anataka kwenda Chunya. Nikajumlisha haraka, kama mtu mwenye hasira anavyojumlisha. Nikarudi katikati ya kambi nikasema kwa sauti ile niliyozoea kuitia watu chakula:

"Masanja kaondoka na mfuko wangu!"

Hapo ndipo kosa langu lote lilipo, na ni la neno moja. Kambini, mfuko bila neno la pili ni mfuko wa mawe yenye dhahabu. Hivyo ndivyo watu wanavyogawana, hivyo ndivyo wanavyozungumza. Ukiwa na mfuko wa unga unasema mfuko wa unga. Mimi nilisema mfuko.

"Mpishi alikuwa na mfuko?" mmoja aliuliza.

"Alikuwa anauficha jikoni, wewe ulidhani anakesha na ulezi tu?"

"Masanja mjanja!"

Niliwasikia. Niliona uso wa mwenye duara unavyobadilika. Ningeweza kusema pale pale, jamani, ni ulezi, ulezi mbichi wenye maji, hata kuku wangeukataa. Sikusema. Kwa mara ya kwanza tangu nifike walinitazama kama mtu mwenye kitu cha kuibiwa, na nilikuwa na hasira na rafiki yangu. Baada ya siku tatu nikasikia kuna kambi mpya upande wa Geita. Nikafunga mzigo.

Huko Geita ulezi ulikataa. Niliuloweka vilevile, nikauchuja vilevile, nikautia kwenye mfuko mwingine, nikauweka kwenye mtaro uliofunikwa wenye ubaridi mzuri. Siku ya tatu nilifungua nikakuta punje zimelala kama changarawe. Nikabadilisha mbegu, nikanunua kwa mkulima niliyemwona akipura kwa macho yangu. Nao ukaoza. Mara ya tatu nilipokwenda kufungua, mdomo wa mfuko ulikuwa na mafundo mawili. Nilisimama pale mchana kweupe, wanaume wakipita na sururu zao, nikayatazama mafundo yale. Labda niliyafunga mwenyewe. Mikono inajifunza kutoka kwa mikono ya wengine. Lakini ndani hapakuwa na kitu kilichoota, na punje zilikuwa za baridi kuliko ule mtaro.

Wiki hiyohiyo akaja mwanamke jikoni, asubuhi, nikiwa nakoroga. Alikuwa na khanga mbili na viatu vya mvua. Alinisalimu vizuri, akauliza kama mimi ndiye mpishi niliyetoka nyuma ya vilima.

"Ndiye mimi, Mama. Karibu uji."

"Mimi Mama Kabula. Mke wa Masanja."

Nilimpa kigoda. Hakukaa.

"Sijaja kugombana, baba. Mfuko wako sina. Wamekuja watu wa kambi kwangu mara mbili, wamechimba jikoni kwangu, shimo hili hapa," akapima kwa mkono hadi kiunoni, "wakitafuta mawe yako. Shemeji zangu wanasema najua alipo, tumepanga, nangoja nimfuate. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi niondoke kwenye ile nyumba. Naomba uniambie tu alikwenda njia gani. Kama ameniacha, nijue ameniacha."

Uji ulikuwa unachemka, ukitoboka na kujifunga, ukitoboka na kujifunga.

"Simu yake?"

"Haipatikani tangu siku ile." Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayeona aibu, "Namwota. Kila nikifumba macho. Amekaa tu mahali, ananitazama, hana hasira. Ananiambia neno moja. 'Umeota.' Nikiamka najiambia, kweli, nimeota. Mume gani anamtokea mkewe usingizini kumwambia anaota?"

Niliuachia mwiko ukazama kwenye uji.

Watu wengine wangesikia alichosikia yeye. Mimi nilikuwa nimelisikia neno lile kila siku ya tatu kwa miezi, likipigiwa kelele kutoka mdomoni mwa shimo, na halikuwa likimzungumzia mtu aliyelala. Nikaliona gogo lililokosekana kwenye matimba. Mwizi wa kuni angechukua gogo. Mwizi wa mfuko angechukua mfuko. Nani anachukua gogo, kamba na mfuko kwa pamoja, isipokuwa aliyekuwa ameshika kamba gogo lilipong'oka?

Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama. Kwamba mfuko ulikuwa wa ulezi. Kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akavipanga pamoja, kama mtu aliyefika.

"Ulezi," alisema.

"Ulezi, Mama."

"Wamenichimbia jiko kwa ajili ya uji."

Tulifika nyuma ya vilima kesho yake kabla ya adhuhuri. Nilisimama mbele ya mwenye duara na watu wake nikasema tena kwa sauti ya kuitia chakula, safari hii na neno la pili: mfuko wa ulezi. Mmoja alicheka, akaacha. Wengine wakatazama upande wa kichaka. Waliniambia kwamba kwa siku kadhaa palikuwa na harufu, wakadhani mbuzi kaanguka, wakabadilisha njia.

Sasa harufu ilikuwa imekwisha. Shija, aliyekuwa mtu wa winchi, alishusha kwanza kibatari kilichowashwa ili kupima hewa. Kikafika chini kikiwaka. Saa sita jua lilisimama juu ya shimo, na kwa muda wa kama kula sahani moja ya ugali mwanga ulifika hadi chini kabisa. Nilipiga magoti nikachungulia.

Chini palikuwa na kitu cheupe. Hakikuwa kama mfupa. Weupe wake ulikuwa wa kitu ambacho hakijawahi kuona jua sawasawa, na kilikuwa kinatikisika, kwa sababu ilikuwa saa ambayo shimo linavuta hewa. Majani, membamba kama nyuzi, mengi yasiyohesabika, marefu, yote yameinama upande mmoja. Yalikuwa yameota kwa umbo. Palikuwa na mahali pa mabega. Palikuwa na mkono ulionyooshwa, na mwisho wa mkono majani yalikuwa mengi zaidi, pale mfuko ulipopasukia.

Mama Kabula alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilitaka kumzuia asichungulie, lakini nilikuwa nimeshamzuilia mengi.

Shija alishuka kwa kamba mbili. Tulisikia miguu yake ikigusa chini. Mwenye duara akaita, "Shija! Kuna nini?"

Sauti ilitupandia taratibu, kama inayopita kwenye maji.

"Umeota."

Kisha akasema, "Na mwenyewe yupo."

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa, polisi wakaja, wakaandika. Waliniambia alivunjika shingo na hakuteseka. Nimechagua kuamini hivyo. Wakati mwingine nasikia lile jina nililoliita mara moja likirudi nusu yake, na nachagua tena.

Mazishi yalifanyika Shinyanga. Wale shemeji walikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kulia, na hakuna aliyetaja nyumba tena. Watu wa kambi walikuja na mchele na mbuzi. Mwenye duara alitaka kutuma mafundi wafukie lile shimo la jikoni, Mama Kabula akakataa. Siku ya kwanza ya matanga aliniita.

"Mpishi, wageni wa kumaliza matanga nitawapa togwa. Masanja aliisifu kuliko mimi."

"Mama, sina kimea. Na mkono wangu siku hizi ulezi unaukataa."

"Loweka."

Nililoweka kwenye sufuria yake. Kesho yake nilichuja, nikautia kwenye mfuko wa katani. Ulikuwa uleule. Shija alikuwa ameupandisha, nami nikaushona pale ulipopasuka. Nikatafuta mahali pa ubaridi, ua mzima ulikuwa jua na watu. Mama Kabula akanionyesha kwa kidevu. Lile shimo walilomchimbia jikoni lilikuwa na kina cha kiuno, udongo wake wa chini una unyevu, na kivuli cha paa kilikuwa juu yake kutwa. Niliingia ndani yake, nikaulaza mfuko. Nilipotoka alikuwa ameinama, anaongeza fundo la pili. Sikumwambia kitu kuhusu mafundo, wala sijawahi kumuuliza alijuaje.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa uani, nimempa Mama Kabula mgongo, nawasha moto. Wanawake walikuwa wanaosha vyombo. Nikasikia mfuko unafunguliwa, kisha sauti yake, kubwa, hadi wanawake wakasimama:

"Mpishi! Umeota!"

Neema, nimepika miaka mingi baada ya pale, na kila siku ya tatu nimeufungua mfuko huo mwenyewe, peke yangu, bila kusema neno. Siku ile nilijua ni nani anayengoja jibu. Nilijaribu mara mbili, nikausingizia moshi. Mara ya tatu likatoka.

"Nimeota nini?"

"Umeota ulezi," alisema, akaanza kulia, nami nikaendelea kuchochea moto, maana uji wa watu wengi hauwezi kungoja.